Mafia kwenye kundi la WhatsApp: ugomvi unaanzia wapi, na kanuni ipi inaumaliza

Kura zimepigwa, mtu ametolewa, na mara ujumbe unaanza kumiminika: "Huo ni wizi." "Kura yangu mbona hamjaihesabu?" "Msimamizi ana upendeleo." Mwongozo huu ni wa msimamizi aliyefika hapo na anataka kujua tatizo liko wapi kabla kundi halijasambaratika.

Nachukulia kwamba mchezo wenyewe mnaufahamu. Wachache ni mafia na wanajuana. Wengi ni raia wasiojua lolote. Usiku mafia wanaua mmoja, mchana wote wanajadiliana na kumpigia kura mshukiwa. Katikati yuko daktari anayelinda na mpelelezi anayechunguza. Dimitry Davidoff aliubuni mchezo huu huko Moscow miaka ya 1980, kwa watu walioketi chumba kimoja, na hapo ndipo mzizi wa matatizo yetu ulipo. Chumbani usiku ni kufumba macho, kura ni kunyoosha kidole, na aliyekufa kila mtu anamwona amenyamaza. Kwenye simu vyote hivyo havipo. Vinapaswa kuandikwa, na kisichoandikwa kila mtu anakijaza kwa akili yake.

Kwa hiyo ukisikia watu wanashutumiana kwa udanganyifu, usianze kumsaka mkosaji. Tafuta kwanza kanuni ambayo watu wawili wenye nia njema wameielewa tofauti. Mara nyingi utaikuta. Ukiikosa kabisa, hapo ndipo urudi kwa mkosaji.

"Nimepiga kura, mbona haikuhesabiwa?"

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote na lina vyanzo vingi, kwa hiyo vipitie kimoja kimoja.

Anza na maneno yenyewe. Mtu ameandika "mimi naenda na Salum" au "huyu Salum leo haponi". Je, hiyo ni kura au ni maoni? Wewe umeisoma kama maoni, yeye alikuwa anapiga kura. Weka umbo moja tu linalokubalika, mfano KURA: 4, kwa herufi kubwa, kwenye mstari wake peke yake. Chochote kingine ni mazungumzo, hata kiwe kikali namna gani.

Namba hiyo 4 nimeiweka makusudi. Kwenye WhatsApp kila mtu anamwona mwenzake kwa jina alilolihifadhi kwenye simu yake. Wewe umemhifadhi Bi Zainab, mwingine kwake ni "Mama Rehema", wa tatu kwake ni "Fundi Nguo Mtaa wa Pili". Kura ikiandikwa "Mama Rehema", nusu ya kundi haijui nani ametajwa, na pengine wamo akina Mama Rehema wawili. Mwanzoni mwa mchezo mpe kila mchezaji namba, na namba isibadilike hata wenzake wakifa. Faida ya pili utaiona mbele kidogo.

Kisha angalia ujumbe uliohaririwa. WhatsApp inaruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15, na Telegram inatoa muda mrefu zaidi ya huo. Mtu anapiga KURA: 4, wenzake wanamfuata, halafu anarudi na kuifanya KURA: 7. Alama ya kuhaririwa inaonekana, lakini kilichokuwepo mwanzo hakionekani. Kanuni: kura iliyohaririwa au kufutwa haihesabiki. Anayetaka kubadili anaandika ujumbe mpya, ONDOA KURA, halafu kura mpya. Mlolongo wote unabaki wazi.

Kuna wanaosema dawa ni kutumia kura ya maoni iliyomo kwenye programu yenyewe. Mimi sikubaliani nao. Ile ya WhatsApp inamruhusu mtu kubadili chaguo lake bila kuacha nyayo, na ile ya Telegram ikiwekwa siri haionyeshi nani amechagua nani. Raia hawana silaha nyingine zaidi ya historia ya kura. Siku ya tatu wanarudi juu kundini na kuangalia: nani alimkimbilia marehemu siku ya kwanza, nani alisubiri mpaka dakika ya mwisho, nani hajawahi kumgusa namba 7. Ukiwanyang'anya hiyo, umewaacha wabahatishe.

Chanzo kinachofuata ni saa. Kanuni imeandikwa "kura zinafungwa saa 3". Aliyeko Dar es Salaam anaelewa saa 3 usiku. Kijana aliyezoea kusoma saa kwa Kiingereza, na simu yake inaonyesha hivyo hivyo, anaweza kuelewa saa 9 alasiri. Aliyeko Bujumbura, Kigali au Lubumbashi yuko nyuma kwa saa moja. Aliyeko Muscat au Dubai yuko mbele kwa saa moja. London nayo inabadilika katikati ya mwaka, saa mbili nyuma yetu kiangazi na saa tatu majira ya baridi. Andika hivi: "Kura zinafungwa saa 3:00 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, yaani 21:00. Muscat saa 4 usiku, Bujumbura saa 2 usiku." Taja kila mji wenye mchezaji wenu.

Hata hapo bado kuna mwanya. Kundini ujumbe unaonyesha saa na dakika tu, bila sekunde. Kura yenye 21:00 imewahi au imechelewa? Mmoja atasema ni saa kamili kwa hiyo imo, mwingine atasema dirisha limeshafungwa. Amua na uandike: yenye 20:59 imo, yenye 21:00 haimo. Na inayoangaliwa ni simu ya msimamizi peke yake, kwa sababu mtandao ukisuasua ujumbe unaweza kuonekana kwa mwenyewe huku kwa wengine haujafika. Kama wewe ni admini, saa ikifika badilisha mipangilio ili maadmini pekee ndio waweze kutuma ujumbe. Kundi linafungwa, na hoja ya "nilikuwa naandika" inakufa hapo hapo.

Mwisho kabisa ni hesabu. Wachezaji 9 wako hai, kura ngapi zinamtoa mtu? Kuna mifumo miwili na makundi mengi yameichanganya bila kujua. Wa kwanza: zikifika zaidi ya nusu siku inafungwa palepale, yaani kura 5 kati ya 9, kura 5 kati ya 8, kura 4 kati ya 7. (Nne kati ya nane ni nusu, si zaidi ya nusu, hapa watu wengi hukosea.) Wa pili: mnasubiri muda uishe na anayeongoza anatoka, hata kama ana kura 3 tu. Vyote viwili vinaweza kukaa pamoja mkiandika hivyo. Sare je? Mimi napendekeza hakuna anayetoka. Raia wakipoteza siku wanampa mafia usiku wa bure, na uzito huo unawalazimisha kuongea na kukubaliana kabla ya saa 3. Kundi lingine linaweza kuchagua kurudia kura kwa dakika kumi. Sawa tu, ilimradi iamuliwe kabla sare yenyewe haijatokea, maana ikishatokea kila pendekezo lina upande.

"Daktari alimlinda, mbona amekufa?"

Daktari amekutumia jina, mafia wamekutumia jina, mpelelezi naye. Asubuhi umetangaza matokeo, na mchezo ulipokwisha watu wakaanza kulinganisha inboksi. Hapo ndipo moto unapowaka.

Kinachokosekana ni utaratibu wa usiku. Andika mambo manne.

La kwanza ni mpangilio wa matendo: anayezuia wengine (kama mnaye) anatangulia, kisha daktari, kisha mafia, kisha mpelelezi. Muda wa kutuma ujumbe hauna maana yoyote. Ulinzi uliotumwa saa 6 usiku unafanya kazi hata kama mafia walitaja jina saa 4. La pili: tendo la aliyeuawa usiku huo linahesabika au halihesabiki? Mimi husema linahesabika, kwa kuwa usiku mzima ni tukio moja. Daktari aliyeuawa bado amemwokoa aliyemlinda. La tatu: daktari anaweza kujilinda mwenyewe? Anaweza kumlinda mtu yule yule siku mbili mfululizo? Bila jibu hapa, daktari aliyejulikana atakaa akijilinda kila usiku na mafia hawatamgusa milele. Kanuni nzuri ni kujilinda mara moja tu katika mchezo, na kutorudia mtu mmoja usiku unaofuata. La nne: asiyetuma jina kabla ya saa 1 asubuhi hajafanya kitu. Usimchagulie, usimkumbushe. Ukimkumbusha daktari na usimkumbushe mafia aliyelala, umeshaingia mchezoni.

Mafia wakitaja majina mawili tofauti je? La mwisho kufika ndilo linalohesabika, au mteue mmoja wao awe msemaji. Chagua moja.

"Marehemu anaongea"

Mtu ametolewa na amekasirika. Kundini amenyamaza kama kanuni inavyosema. Jioni anaweka stetasi: methali ya kikulacho ki nguoni mwako, chini yake emoji ya daladala. Namba 5 ni dereva. Kila mwenye kumbukumbu ya mafumbo na vijembe vya pwani ameshaelewa.

Kanuni ya "aliyekufa asiongee kundini" haikuvunjwa, na ndiyo maana haitoshi. Iandike kwa upana: aliyetoka haongelei mchezo unaoendelea mahali popote ambapo mchezaji hai anaweza kuona au kusikia, iwe kundini, inboksi, stetasi, stika, emoji au sebuleni. Kisha mpe pa kusemea. Fungua kundi la pili la marehemu ambako wanaweza kujua siri zote na kucheka. Asiyekuwa na pa kusemea atasemea stetasi, na hilo si lawama, ni jinsi watu walivyo.

Mume na mke, au ndugu, wanaocheza wakiwa nyumba moja ni tatizo gumu zaidi, na sina kanuni inayolimaliza. Kinachosaidia ni kuwaomba wasilaze simu wazi, na kutowapa kazi za siri wote wawili katika mchezo mmoja, ingawa hilo la pili likijulikana linawapa wengine dokezo. Mimi naona heri uwagawie kwa bahati nasibu kama wengine na uwaamini.

"Ameonyesha skrinishoti"

Mtu anashukiwa, anapiga picha ujumbe wako uliosema "wewe ni raia", anaurusha kundini. Mchezo umekwisha hapo, kwa sababu mchezo mzima unasimama juu ya jambo moja: maneno ya mkweli na ya mwongo yanafanana. Picha ya ujumbe wa msimamizi ni uthibitisho ambao hakuna uongo unaoweza kushindana nao.

Kanuni isiishie kwenye skrinishoti. Izuie pia kunakili neno kwa neno, kusambaza ujumbe, na hata kutaja saa uliyotuma. Mchezaji anaruhusiwa kusema kwa maneno yake, "mimi ni mpelelezi, namba 3 ni mafia", na mafia naye ana haki ya kusema hayo hayo. Adhabu iwe imeandikwa kabla: aliyeonyesha anatolewa papo hapo bila kura, na msimamizi hathibitishi wala kukanusha alichoonyesha.

Inboksi baina ya wachezaji iko kwenye familia hiyo hiyo. Kuna makundi yanayoiruhusu na mchezo unakuwa wa fitina tamu, kuna yanayoizuia. Ninachokikataa ni kunyamaza kuhusu jambo hili, maana nusu watadhani inaruhusiwa, nusu watadhani ni wizi, na kila upande utakuwa na haki.

"Apa!"

Hili ningependa kila msimamizi alisome mara mbili.

Mshukiwa amebanwa. Mmoja anamwambia, "Apa wallahi kwamba wewe si mafia." Akiapa, na kweli ni mafia, amejitia dhambini kwa ajili ya mchezo. Akikataa kuapa, kila mtu amejua. Mcha Mungu hana pa kutokea, na yule asiyejali kiapo ana silaha ambayo mwenzake hana. Ndivyo ilivyo kwa "apa kwa mama yako", kwa "shika Biblia", na kwa "weka elfu kumi kama una uhakika". Vyote vinaleta mezani kitu cha maisha ya kweli ambacho mchezo hauna mizani ya kukipima.

Kanuni: hakuna kuapa, hakuna kumtaka mtu aape, hakuna dau la fedha. Atakayemtaka mwenzake aape anapoteza kura yake ya siku hiyo. Aliyeapa mwenyewe kwa kuteleza, kiapo chake kichukuliwe kama hakikusemwa, na msimamizi aseme hivyo kwa sauti.

Hapo hapo weka kanuni ya ushahidi wa simu. "Namba 7 alikuwa hewani saa 8 usiku, huyo ndiye." Pengine namba 7 anafanya zamu ya usiku, au ana mtoto mgonjwa. Tiki za buluu, muda wa mwisho kuonekana na alama ya kuandika si ushahidi, na mwenye kuzitumia aonywe.

"Ameninyima heshima"

Katika mafia lazima watu waitane waongo. Lakini kundini yumo mjomba, yumo mkwe, yumo mwalimu wa zamani aliyeamkiwa shikamoo asubuhi hiyo hiyo. Kijana akiandika "Mjomba unadanganya", uongo umetoka mchezoni na kuingia kwenye ukoo.

Faida ya pili ya namba ndiyo hii. "Namba 6 anadanganya, tazameni kura yake ya jana" inasemeka na inavumilika. Iandikwe kwamba katika mjadala watu wanataja namba, na kwamba hoja ni juu ya alichosema au alichofanya mchezoni. Kabila, dini, ndoa, kazi na umri wa mtu haviguswi. Hapa sitoi onyo la kwanza na la pili. Anayevuka anatoka kwenye mchezo, na baada ya mchezo anaombwa amtake radhi mwenzake.

"Hatumsikii, anajificha"

Kimya kinaweza kuwa mbinu, na kinaweza kuwa bando limeisha au umeme umekatika. Huwezi kujua, kwa hiyo usihukumu nia. Pima kitendo: kila mchezaji aandike angalau ujumbe mmoja wa maana kila mchana. Akikosa siku moja, msimamizi anamkumbusha hadharani. Akikosa siku mbili, anaingia mtu wa akiba na kurithi namba na kazi yake ile ile. Mtafute mtu wa akiba kabla ya mchezo, na asiwe ameingia kundi la marehemu.

"Bado tunaendelea, kwa nini umetangaza mafia wameshinda?"

Wamebaki mafia wawili na raia wawili. Raia wanataka kuendelea. Kwa mfumo wa zaidi ya nusu hawawezi kumtoa mafia yeyote, maana wanahitaji kura 3 na wao ni wawili; usiku mmoja wao atauawa. Ndiyo maana kanuni ya kawaida inasema mafia wakilingana na raia kwa idadi, mchezo umekwisha. Ieleze hivyo, pamoja na hesabu yake, na watu wataikubali. Mafia mmoja na raia wawili bado ni mchezo, na ni siku tamu kuliko zote.

Mkicheza Among Us badala ya mafia ya maandishi

Among Us ni mchezo wa simu na kompyuta wenye wazo lile lile: wasaliti wachache wamejificha kati ya wengi wanaofanya kazi zao. Programu imeamua mengi kwa niaba yenu, hivyo ugomvi unahamia kwenye mipangilio na kwenye sauti. Mkiwa kwenye simu ya pamoja, kanuni ya kwanza ni maiki zote kuzimwa hadi kikao kiitwe, na aliyekufa abaki amezima hata kwenye kikao. Watu wakilalamika kwamba wasaliti wanajulikana haraka mno, angalia kama kazi zinazoonekana kwa macho zimewashwa. Anayepimwa kwenye MedBay (chumba cha matibabu) mbele ya wenzake ameshathibitika kuwa si msaliti, na zikibaki hivyo kila mtu ataomba ushahidi huo. Zizime. Wakilalamika kwamba hawajui waliyemtoa alikuwa nani, huo ni mpangilio wa kuthibitisha aliyefukuzwa, nao utangazwe kabla ya raundi ili asiyeupenda aseme mapema.

"Msimamizi anabadilisha kanuni"

Mara nyingi hajabadilisha. Amejibu swali la mtu mmoja inboksi, mwingine hakusikia.

Maswali ya kanuni yaulizwe inboksi, yajibiwe kundini. Yaulizwe faragha kwa sababu swali lenyewe linaweza kumvua mtu nguo: anayeuliza hadharani "daktari anaweza kujilinda?" ameshatajwa moyoni mwa kila mafia. Yajibiwe kundini, bila kumtaja aliyeuliza, ili jibu liwe la wote kwa wakati mmoja. Ukitaka kuzuia hata dokezo hilo, jibu maswali mawili au matatu kwa pamoja, likiwamo moja ambalo hakuna aliyeliuliza.

Na msimamizi akikosea matokeo? Akisahihisha kabla hakuna aliyepiga kura kwa kuegemea kosa hilo, mchezo unaendelea. Kura zikishapigwa, mchezo unafutwa na kazi zinagawiwa upya. Inauma, hasa kwa mafia aliyekuwa anacheza vizuri, lakini sijaona njia nyingine ambayo pande zote mbili zinaiona ya haki.

Kanuni isiyokuwepo ikihitajika katikati ya mchezo, msimamizi anaamua papo hapo na uamuzi wake haujadiliwi mpaka mchezo uishe. Baada ya hapo mnaujadili, mnauandika au mnaufuta, na unaanza kutumika mchezo unaofuata. Maandishi yote yawe kwenye ujumbe mmoja uliobandikwa juu ya kundi, wenye tarehe ya mabadiliko ya mwisho. WhatsApp inakupa siku 1, 7 au 30 za kuubandika. Chagua 30, kwa sababu mchezo wa watu kumi na moja unaweza kupita wiki.